Tarehe za Meza ya Tatu

Mektrida Kastori alikaa miaka kumi na mmoja katika kiwanda kimoja cha kufungasha mboga, nje kidogo ya Moshi mjini, kule tambarare ambako migomba inakwisha na joto linaanza. Kazi ilikuwa ya maharage machanga, yale membamba ya kijani yanayoliwa na maganda yake. Wanawake waliyakata ncha, wakayachambua, wakayapanga kwenye vitrei vidogo, na jioni magari yenye majokofu yakayapeleka uwanja wa ndege. Nje jua liliwaka, lakini mle ndani kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Mtu alivaa koti jeupe, kofia ya wavu na mabuti ya mpira, akasimama juu ya sakafu yenye maji tangu saa moja asubuhi, na ruhusa ya kwenda chooni aliiomba kwa kunyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Alianza kama mkata ncha. Baadaye akawa kiongozi wa Meza ya Tatu, mwenye wanawake kumi na wanne chini yake. Walimwita Mama Lucky, kwa jina la mwanawe wa pekee, ambaye alikwisha kuwa mtu mzima na kuhamia Dodoma kwa kazi ya ufundi bomba. Hakuwa mtu wa kelele. Mfanyakazi akichelewa alimtazama tu, na yule akajua. Mfanyakazi akifiwa, Mektrida alikuwa wa kwanza kufika kwake, na sufuria ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ameibeba kifuani ikiwa bado ya moto.

Alizaliwa Kilema, juu mlimani, katika shamba la ukoo, kihamba cha baba yake, mzee Kastori, kati ya migomba na kahawa. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na bibi. Siku moja, alipokuwa darasa la sita, alisimama mstarini asubuhi na sketi yake ilikuwa imelowa damu nyuma. Hakujua ni nini. Alidhani anakufa. Wavulana ndio waliomwonyesha, kwa kucheka. Alikimbia nyumbani, bibi akampa vitambaa na kumwonyesha mahali pa kuvianika, nyuma ya banda la ng'ombe, chini ya kanga kuukuu, ili mtu akipita asione.

"Haya hayasemwi," bibi alimwambia. "Si kwa baba yako, si kwa mwenzako."

Mektrida alikaa nyumbani wiki nzima. Aliporudi shuleni alikuwa na jina jipya la utani, na jina hilo lilimfuata mpaka mtihani wa darasa la saba, ambao aliufanya akitaka tu uishe. Alipokuwa mtu mzima alishikilia kwamba si damu iliyomharibia shule. Ni ule ukimya. Kama mtu mmoja angemwambia mapema, kama angekuwa na kitambaa ndani ya begi, angesimama mstarini kama wenzake.

Ndiyo maana Gladness alipokuja na habari yake, Mektrida alikuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Gladness alikuwa afisa ustawi, msichana wa miaka ishirini na sita, mpole, aliyetoka chuo miaka miwili nyuma. Mwezi wa pili aliwakusanya wanawake wote kwenye bwalo la chakula, wanaume wakaombwa wabaki nje. Akasema kampuni imeona jinsi wanavyoteseka wakiwa katika siku zao, na baridi ile, na kusimama kutwa. Kuna aplikesheni ya simu, alisema, inaitwa Kalenda Yangu. Kila mmoja atajaza tarehe anapoanza na anapomaliza. Yenyewe itamkumbusha kabla siku hazijafika. Atakayejaza atapata pedi za bure kila mwezi, na mwenye maumivu atapewa kazi ya kukaa, ya kubandika lebo.

Wengine walitazama meza. Mama mmoja mtu mzima alinong'ona kwamba mambo haya hayatangazwi kwenye kikao.

Mektrida akasimama. "Mimi niliharibikiwa shule kwa sababu ya mambo haya haya," alisema. "Tumeyaficha, tumepata nini? Kampuni ikituletea pedi, sisi tunaona haya ya nini?"

Yakaishia hapo. Alasiri ile alizunguka meza yake yote, simu baada ya simu, akiwaonyesha wenzake pa kubonyeza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mrefu sana, wa Kiingereza, na chini yake kulikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa Nakubali. Hakuna aliyesoma. Kulikuwa na wanawake wawili ambao hawakuwa na simu za kupapasa, na hao Mektrida aliwajazia kwenye simu yake mwenyewe.

Aliyesita alikuwa Theodora.

Theodora alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alifika kidato cha nne, na aliishi mtaa wa Soweto, mjini Moshi, nyumba ya pili kutoka kwa Mektrida. Walichota maji bomba moja, wakasali jumuiya moja. Mumewe, Jovin, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Walikuwa na miaka minne ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, ya kwanza ikiwa na wiki kumi, ya pili ikiwa karibu na miezi minne. Ile ya pili Mektrida ndiye aliyempeleka hospitali, na ndiye aliyefua zile shuka. Mbali na yeye na Jovin, hakuna mtu mwingine aliyejua. Theodora alitaka iwe hivyo. Wifi zake walipomuuliza lini watacheza na mtoto, alijibu kwamba Mungu ana saa yake, akaendelea kumenya ndizi.

"Mama Lucky," Theodora alimuuliza siku ile, simu mkononi, "hizi tarehe zinakwenda wapi?"

"Zinakaa kwenye simu yako. Zitakwenda wapi tena?"

"Mbona inaomba namba yangu ya kazi?"

"Ni kwa ajili ya pedi, wajue wangapi." Kisha Mektrida alipunguza sauti. "Na wewe mwenzetu ndiyo itakusaidia zaidi. Utajua siku zako za kushika mimba. Jaza tu, mdogo wangu."

Theodora akabonyeza Nakubali.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, na ni haki kusema hivyo. Pedi zilikuja. Dominika, aliyekuwa akizimia kila mwezi kwa maumivu, alipelekwa kwenye lebo siku mbili akakaa kwenye stuli, na hakuna aliyemnunia. Wanawake walizoea. Wakati wa chai walitaniana, huyu akisema simu yake inamjua kuliko mumewe, yule akisema simu yake imekosea siku mbili kwa hiyo nayo ni mwanamume. Mektrida aliwasikiliza akanywa chai yake. Alijisikia amefanya jambo. Hakuwahi kujisikia hivyo kiwandani, wala mahali pengine, tangu utoto.

Mikataba yao ilikuwa ya msimu. Msimu mmoja uliishia mwezi wa sita, mwingine mwezi wa kumi na mbili, na kila unapoisha majina ya wanaoendelea yalibandikwa getini. Kwa watu wa siku nyingi ilikuwa desturi tu. Walipita, wakaona majina yao, wakaenda kuvaa makoti.

Katikati ya mwezi wa tano Gladness alimwita Mektrida ofisini. Kompyuta ilikuwa imewashwa, na kwenye kioo kulikuwa na majina ya Meza ya Tatu, kila jina na rangi yake. Mengi yalikuwa ya kijani. Matatu yalikuwa ya njano.

"Mama, hawa watatu hawajajaza mwezi huu," Gladness alisema. "Dominika, Eliona na Theodora. Hebu waulize, wamesahau, au hawana cha kujaza? Nimeambiwa niisafishe hii orodha."

Mektrida alishangaa kidogo kuona majina pale. Alikuwa amedhani ofisi inapata idadi tu. Lakini alikuwa amesimama mbele ya meza ya ofisi, na ameulizwa kwa heshima, akasema atawauliza.

Dominika na Eliona walimjibu kwamba watajaza, wakacheka. Theodora, Mektrida alimkuta chumba cha makoti, peke yake, anafunga kamba za aproni.

"Gladness anasema hujajaza."

Theodora aliziacha kamba. Alitazama mlangoni. Halafu uso wake ukafunguka, polepole, kama mtu anayeogopa kuamka.

"Sijasahau, dada. Sina cha kujaza. Wiki ya sita leo." Akamshika mkono. "Hata Jovin sijamwambia. Nataka kwanza ipite pale zilipotoka zile nyingine. Ikitimiza miezi mitano nitasema."

Mektrida alimkumbatia. Machozi yalimtoka, yeye ambaye hakulia ovyo. Na kwa furaha ile ile, huku macho yake bado mekundu, alipita ofisini njiani kurudi mezani, akachungulia mlangoni na kusema, "Theodora hajasahau, mwanangu. Mungu amemwona. Tumwombee."

Gladness alitabasamu, akasema ni habari njema. Kisha akageukia kioo, akaandika kitu.

Tarehe ishirini na nane mwezi wa sita majina yalibandikwa. Wanawake walijaa getini asubuhi, na kwa mara ya kwanza mstari haukusogea. Jina la Dominika halikuwepo. Jina la Eliona halikuwepo. Theodora alisoma karatasi mara tatu, kidole chake kikishuka pole pole, halafu akajitoa pembeni akasimama na begi lake.

Kutoka meza nyingine walikosekana wanne.

"Nimekosa nini mimi?" Dominika alisema. "Sijawahi kukosa hata siku moja."

"Labda walisikia," Eliona alisema.

"Walisikia nini?"

"Kwamba nina mimba. Lakini sijamwambia mtu. Nimejua mwezi uliopita."

Dominika alimtazama. "Hata mimi ninayo," alisema. "Miezi mitatu."

Watu wakaanza kuhesabu. Yule wa Meza ya Kwanza alikuwa na tumbo, hilo kila mtu aliliona. Wa Meza ya Tano alikiri palepale. Ndipo mwanamke mmoja, bila nia mbaya, akasema kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wamekwisha kufikiri.

"Basi na Theodora naye."

Vichwa vyote vikageuka. Theodora alikuwa ukutani, begi amelikumbatia tumboni. Alimtafuta Mektrida kwa macho katikati ya watu, akampata. Aligeuka, akashika njia ya kurudi mjini kwa miguu, peke yake, na jua lilikuwa limeanza kuwa kali.

Mektrida alikwenda ofisini akiwa bado na begi lake mkononi. Gladness alikuwa amekaa, macho yake chini.

"Orodha ile uliyonionyesha," Mektrida alisema, "ilikuwa ya nini?"

"Niliambiwa ni ya kupangia zamu."

"Na sasa?"

"Mama, mimi naituma tu kwa meneja. Sikujua." Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya shuka la Kimasai alilojifunga begani kwa sababu ya baridi. "Nimekuja kujua wiki iliyopita tu. Meneja alisema likizo za uzazi zimekuwa nyingi."

"Uliniuliza, nikakujibu. Niliyokuambia ya Theodora uliyaandika?"

Gladness aliitikia kwa kichwa.

"Yafute."

"Siwezi. Hapa tunaona tu. Wenye aplikesheni wako nje ya nchi, wala siwajui."

Mektrida aliingia kazini siku hiyo kwa kuwa hakujua aende wapi. Alikata maharage na wenzake, ingawa kiongozi hakutakiwa kukata, na hakuna aliyemsemesha.

Jioni, kabla ya giza kuingia, alikwenda kwa Theodora. Jovin ndiye aliyemfungulia. Alikuwa bado na nguo za kazi, na mikono yake ilikuwa na vumbi jeusi la chuma. Alimwamkia kama siku zote, shikamoo, akampa kiti, halafu akasimama dirishani badala ya kukaa. Theodora alikuwa kwenye kochi, miguu ameikunja chini yake.

"Jovin ameambiwa na mteja," Theodora alisema. "Mtu amekuja kuchukua geti lake, akampa hongera."

"Nilidhani anatania," Jovin alisema, bila kugeuka. "Nikamwambia amekosea nyumba."

Mektrida alikuwa amepanga maneno njiani, yakampotea. Akasema tu lilivyokuwa: kwamba ofisi ilimuuliza, na kwamba yeye alikwenda kusema, kwa furaha, bila kuulizwa mara ya pili. Alisema yote, hata yale machozi. Msamaha aliuomba mwishoni tu, kwa sababu aliona kuuomba mapema ni kumziba mwenzake mdomo.

Theodora alisikiliza. "Kazi nitapata nyingine," alisema hatimaye. "Nilikuuliza zinakwenda wapi. Ungesema hujui, dada. Ungesema tu hujui."

Mektrida aliaga, akarudi kwake gizani.

Jumatatu iliyofuata, wakati wa chai, alisimama bwaloni pale pale alipokuwa amesimama mwezi wa pili. Wanaume walikuwepo safari hii, na hakungoja watoke. Aliwaambia kwamba tarehe zao zinasomwa ofisini kwa majina, kwamba majina yaliyokosekana getini yalitoka humo, na kwamba yeye aliwashawishi bila kujua anachosema. Aliwaomba waifute aplikesheni ile kwenye simu zao. Sauti yake haikupanda. Alipomaliza alikaa, na chai yake ilikuwa imepoa.

Saba wa meza yake walifuta. Wengine walifikiri, wakaacha. Mmoja alimfuata baadaye, karibu na matanki ya maji, akamwambia waziwazi: "Mama Lucky, mimi nimefunga kizazi. Wasome wanavyotaka. Nyumbani nina mabinti watatu, na pedi zile ndizo zinazowapeleka shule." Mektrida akamwambia ana haki yake. Usiku hakulala vizuri, maana alijua mabinti wale wako umri gani.

Meneja alimwita, akamkalisha, akamwuliza kama ana malalamiko. Alisema hapana, ana taarifa. Meneja akasema kampuni inathamini watu wa siku nyingi, na ingekuwa vizuri watu wa siku nyingi wakatulia.

Mwishoni mwa mwezi wa saba mimba ya Theodora ilitoka. Ilikuwa na wiki kumi na sita. Daktari alisema hakuna lililosababisha, si kazi, si kutembea juani, si huzuni; kizazi chake kina udhaifu ambao ungefanya vilevile, na safari ijayo aje mapema wamshone mlango wa kizazi. Jovin alimweleza Mektrida maneno hayo bombani, kwa ukamilifu, kama mtu aliyetumwa kuyafikisha.

Lakini mara hii watu walijua. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumpa hongera, na sasa mtaa mzima ulikuja kumpa pole. Wanawake wa jumuiya walikuja na uji. Wifi zake wawili walishuka kutoka Old Moshi na mkungu wa ndizi, wakakaa siku nne, wakamwuliza alikula nini, alibeba nini, alilala vipi. Mmoja wao, akitaka kusaidia, alitaja jina la mtu wa dawa za mitishamba mbele ya wageni. Wanawake kumi na wawili wa kiwandani walikuja Jumapili, wakaimba. Theodora aliketi katikati yao na kanga kichwani na kusema ahsante kwa kila mtu.

Mektrida alikuja wageni walipopungua. Alileta mtori. Theodora aliupokea, akauweka mezani, hakuufunua.

"Zile mbili za mwanzo nililia nikamaliza," alisema. "Nilijifungia siku mbili, ukanifulia shuka, nikatoka nikaenda kazini. Hakuna aliyenitazama. Hii ya tatu sijapata nafasi ya kuilia. Kila nikianza, mtu anabisha hodi."

Mektrida aliinuka. Aliona kwamba na yeye alikuwa mmoja wa waliobisha hodi.

"Usinielewe vibaya, dada," Theodora alisema. "Sijakufukuza."

"Najua."

Alitoka, akarudisha mlango taratibu.

Dominika na Eliona walipata wakili, kijana anayeitwa Shedrack mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa mjini. Aliwaeleza bila kuwapamba. Mkataba wa msimu ukiisha, umeisha. Kazi ni kuthibitisha kwamba hawakurudishwa kwa sababu ya mimba. Sheria ya kulinda taarifa za mtu ipo, alisema, lakini kampuni itasema wote walibonyeza Nakubali. Anahitaji mtu wa ndani aliyeiona orodha kwa macho yake.

Mektrida alikwenda. Alieleza, Shedrack akaandika, kurasa nne. Alipofika mahali pa Theodora, wakili aliinua kalamu.

"Huyu wa tatu atakubali jina lake liingie? Kesi yake ndiyo nzito. Alikuwa hajamwambia mtu ila wewe na simu yake."

"Sijui," Mektrida alisema. "Nitamuuliza."

Alimuuliza. Theodora alikataa. Alisema hataki mtu mwingine aandike jambo hilo mahali popote, hata hakimu, hata kwa nia njema. Kwa hiyo Mektrida alirudi kwa wakili na kumtaka aliondoe jina lile kwenye kurasa zile nne, na Shedrack, ambaye alijua anapoteza nini, akachapa upya.

Shauri lilikwenda kwa kuahirishwa. Kampuni ilileta karatasi zinazoonyesha kwamba maharage yalipungua msimu ule na watu walipunguzwa kwa ajili hiyo. Gladness aliitwa kutoa maelezo, lakini alikuwa amekwisha kuacha kazi na kwenda Mwanza, na simu yake haikupatikana. Eliona alijifungua mtoto wa kike, akafungua genge, akajitoa kwenye shauri. Dominika aliendelea peke yake karibu mwaka mzima, mtoto mgongoni, mpaka akaambiwa kwamba ushahidi hautoshi. Hakukata rufaa.

Mwezi wa kumi na mbili jina la Mektrida halikubandikwa getini. Alikuwa amelitarajia jambo hilo, hata aproni yake alikuwa ameifua na kuikunja siku moja kabla, akaikabidhi stoo na kutia sahihi. Wenzake wa Meza ya Tatu walimsindikiza mpaka barabarani. Kiongozi mpya alikuwa yule mwenye mabinti watatu.

Alirudi Kilema. Mzee Kastori alikuwa na miaka themanini na kitu na haoni vizuri, na alifurahi kupata mtu wa kumsomea. Mektrida aliipogoa kahawa iliyokuwa imeachwa, akaondoa majani makavu ya migomba, akanunua mbuzi wawili. Lucky alipiga simu kila Jumapili na kumwuliza kwa nini hasemi na watu wa mjini. Alijibu kwamba kazi ni nyingi. Kusema kweli aliogopa kusikia habari za mtu yeyote ambazo mwenyewe hajamletea. Mwanamke wa jirani alipomsogelea siku moja baada ya misa aanze kumwambia ya binti wa fulani, Mektrida alimkatiza kwa kumwuliza bei ya chumvi ya ng'ombe. Watu wakaanza kusema kwamba kiwanda kimemfanya awe na majivuno.

Kwa watu alisikia tu, bila kuuliza, kwamba Theodora na Jovin wamehama Soweto. Jovin alipata kazi ya kuchomelea huko chini kwenye mashamba ya miwa, akapewa nyumba. Hawakumuaga. Huko Soweto nyumba yao ilikuwa ya pili tu kutoka kwake, na kwa zaidi ya miaka minne walikuwa wamepeana chumvi na moto.

Mwaka huu, siku ya gulio, Mektrida alishuka Himo na mikungu yake ya ndizi za mshare. Kulikuwa na mvua nyembamba tangu asubuhi na wateja walikuwa wachache. Alikuwa amejifunika turubai mabegani alipomwona Jovin anakuja kati ya mafungu ya ndizi, amenenepa kidogo, amevaa koti la mvua la kampuni. Jovin naye alimwona, akasita, kisha akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Nzuri. Joto tu. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Theodora hajambo?"

"Hajambo," Jovin alisema.

Alichagua mkungu mmoja, akaupima kwa mkono, akaugeuza kutazama upande wa pili. Alikuwa anachagua zile ndizi fupi zilizojaa, za mtori, ambazo watu huwanunulia waliojifungua. Lakini watu huzinunua pia kwa ajili ya mgonjwa, na kwa ajili ya mgeni, na kwa sababu tu mtu ametamani mtori. Mektrida alimtazama mikono. Swali lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Alilishika hapo, akainama, akatafuta kamba ya mgomba ya kumfungia mkungu wake.

"Nisalimie nyumbani," alisema.

"Zitafika, mama."

Jovin aliuweka mkungu begani, akaondoka kuelekea stendi, akikwepa madimbwi. Mektrida aliendelea kukaa na mikungu iliyobaki mpaka mvua ilipozidi, ndipo akaanza kutafuta gari la kupanda mlima.